Whitney Aliinamisha Kichwa

Nyaguthii, sina credit ya kupiga simu. Bado niko Kajiado, nje ya geti ya shule ya Whitney. Nimekaa hapa chini nakuandikia.

Unajua waliniita juu ya vile huyu mtoto wangu hainui mkono darasani. Kaunsela wa shule akamwuliza mbele yangu, "Nani alikwambia hujui kitu?"

Mtoto akasema, "Ni mum."

Mum! Mimi! Na hakuwa na hasira, alisema tu polepole. "Husema mimi ni zero, hata ugali huniungulia."

Nyaguthii, hiyo maneno nimesema. Nimesema hata mbele yako.

Kaunsela akanigeukia: "Mama Whitney, mwambie kitu kimoja kizuri juu yake."

Nikafungua mdomo. Whitney akainamisha kichwa, akakaza mabega, anangoja matusi. Miaka kumi na nne, na mimi ndiye mamake.

Nikasema, "Nyanya yako akiwa mgonjwa wewe ndiye humwosha, na hujawahi kumchoka."

Akaniangalia. "Kweli, mum?"

Nililia tu. Kengele ikagongwa, akaenda darasani kabla nimjibu.

Kaunsela amesema turudi sisi wawili Ijumaa, tuanze na hilo swali lake, "Kweli, mum?"