Nyeupe Kumi na Moja

Jumanne, 3 Oktoba 2023
Kuta za ndani zimevunjwa. Jiko, chumba cha kulia, sebule — kitu kimoja sasa, kirefu kama ghala la samaki. Mwanangu Garland kasimama katikati: umeonaje, Mama? Nimemwambia naona mbali. Basi.
Na mkewe Corinne kashaanza viraka vya rangi ukutani. Kumi na moja! Vyote vyeupe! Kila kimoja na jina lake — Ganda la Yai, Pamba, Mfupa. Nani anakaa ndani ya mfupa? Ati tuvitazame asubuhi, mchana na jioni, mwanga hubadilika. Mwanga gani, hapa Newfoundland? Ukungu tunao nje bure, nikamwambia, usitununulie mwingine wa makopo.
Garland kacheka. Mkewe kamtazama. Kaacha.

Alhamisi, 5 Oktoba
Nimesema nataka kijani upande wa jiko. Kijani cha mashua, kama zamani, alivyopaka marehemu mume wangu Ambrose. Corinne hataki. Chumba kimoja rangi moja, Mama, jicho litembee lisikwame.
Jicho! Mimi nina wasiwasi na miguu. Watu wa hapa huingia mlango wa nyuma bila hodi, na mabuti yao, moja kwa moja mezani. Jikoni hakuna mgeni. Sebuleni ni kwa kasisi na maiti. Sasa mtu akiingia atajuaje yuko wapi?
Watazoea, anasema. Toronto wote wanaishi hivi.
Amesoma kunishinda, sikatai. Mimi nilitoka darasa la tano nikaenda kukausha samaki. Lakini watu wa hapa nawajua.
Garland kaulizwa yeye anaonaje. Kaenda kutazama gari.

Jumamosi, 7 Oktoba
Mfupa umeshinda. Niliwaambia fanyeni mtakavyo, nikidhani wataona haya. Hawakuona.
Corinne kapaka mwenyewe, mpaka darini. Hakudondosha hata tone. Mkono wake umetulia. Sitamwambia.

Jumanne, 10 Oktoba
Aibu.
Jirani yangu Esau Blundon huja kila siku saa kumi, tangu nimzike Ambrose, ila siku za vumbi na rangi nilimzuia. Anakunywa chai, anasema upuuzi, namkaripia, anakwenda zake. Siku yangu ndiyo hiyo.
Leo — ngo, ngo, ngo. Nikajua polisi. Nafungua, Esau! Kofia mkononi!
"We Esau, umerukwa na akili?"
"Nimechungulia dirishani, bibie, nikaona panang'aa. Nikasema labda siku hizi mtu anakaribishwa kwanza."
Kavua mabuti. Miaka thelathini sijaona soksi za mtu huyu! Kakaa ncha ya kochi kama anangoja daktari. Nusu kikombe tu. Kisha akanishukuru. Esau, kunishukuru mimi! Sikupata hata la kumkaripia.

Jumatano, 11 Oktoba
Hakuja.

Alhamisi, 12 Oktoba
Hakuja. Nimekunywa chai na birika.

Ijumaa, 13 Oktoba
Asubuhi nimeshuka bandarini mwenyewe, nimenunua kijani. Nimeanzia nyuma ya jiko la moto. Sikuomba ruhusa, nyumba ni yangu.
Corinne kashuka ngazi. Nikajiweka tayari kwa kelele. Hakupiga kelele.
"Ni kwa ajili ya Mzee Esau?"
"Ni kwa ajili ya ukuta."
"Mama. Ungeniambia."
"Nilikwambia! Ulikuwa unatembeza jicho."
Kaenda kuchukua penseli na ngazi ya kupakia rangi, kauliza: haya, kijani kiishie wapi, nipige mstari ulionyooka, wako unakwenda kama kaa.
Nikainua kidole nimwonyeshe — sijui! Miaka arobaini na sita nimepika humu, na sijui jiko langu linaishia wapi. Mezani? Dirishani? Nimepiga hatua mbele, nimerudi. Corinne hakucheka, namsifu kwa hilo.
Nimempigia simu Esau. Njoo, nimesema, na mabuti, na uingie mpaka pale miguu yako itakapokataa, hapo ndipo tutapiga mstari. Kauliza kama ni mtego. Hakusema atakuja, hakusema haji.
Saa kumi na robo sasa. Corinne kakaa juu ya ngazi, penseli sikioni, anatazama mlango wa nyuma. Nimemwambia ashuke anywe chai. Kasema ngoja kidogo, Mama.