Kipande Walichokikataa

Singida mjini, 6 Machi 2023

Mama mdogo, shikamoo. Habari za Mungaa? Baba mdogo anaendeleaje na kifua? Mimi ni mzima, ila moyo umechafuka.

Watu wa tamasha la filamu wameikataa filamu yetu. Wanasema mjane uliyemwigiza hana uchungu, anaonekana kama mtu anayezuia kicheko. Nilikasirika, halafu nikaangalia tena nikaona wana haki. Baba mdogo yuko nyuma ya kamera anakwambia, "Lia vizuri, mbona nimekufa kabisa!" Halafu anacheka mwenyewe. Sauti yake niliifunika na muziki, lakini uso wako ningeufunika na nini?

Sitakaa kulalamika. Mpaka wapokee tena filamu, napiga video za harusi na misiba hapa mjini. Kwenye misiba najifunza watu wanavyolia kweli. Mkishavuna alizeti nakuja turudie.

Mwanao,
Calist

Mungaa, 19 Machi 2023

Marahaba mwanangu. Sisi tupo, ila mvua inatuchezea. Kifua cha baba yako mdogo kinakuja na kuondoka.

Hao watu wa tamasha waje hapa wanionyeshe. Nitamliliaje mwanaume aliyekaa kwenye kigoda anatafuna karanga? Nimemsomea barua yako, amecheka mpaka kikohozi kikamshika. Anasema yeye ndiye maiti, na maiti hajanunuliwa hata soda. Njoo tu. Safari hii nitamfukuza aende machungani ndipo nilie.

Mama yako mdogo,
Eliza

Mungaa, 2 Septemba 2023

Calist mwanangu, u hali gani? Mimi nakula, nalala, nadhani huo ndio uzima.

Asante kwa kusimama nasi tulipomzika baba yako mdogo, na kwa kutupigia video. Sijaiangalia na sitaki. Majirani wananisema. Jirani yetu Evodia ametamka mbele za watu kwamba nilimlilia mume angali hai, kwa hiyo kifo nilikiita mwenyewe. Hilo linaniuma, lakini kuna linaloniuma zaidi. Sauti yake inanitoka. Alivyokuwa akiita ng'ombe nakumbuka, alivyocheka simpati tena.

Niletee kile kipande anapocheka, kile cha kabla hujakifunika na muziki. Ukiweke kwenye simu ya binti yangu Luciana, yake inafungua video. Sina kingine cha kumsikia.

Mama yako mdogo,
Eliza

Singida mjini, 28 Januari 2024

Mama mdogo, shikamoo. Luciana hajambo? Nisamehe kwa ukimya. Simu zako nimeziona, kazi zilinibana.

Furahi pamoja nami: filamu imekubaliwa! Nilikirekebisha kipande cha msiba, na sasa wamekisifu kuliko vyote. Wameandika kwamba mjane amewaliza. Kumbe ule muda wa kusubiri haukupotea. Wataionyesha hapa mjini Pasaka.

Ile video uliyoomba nitaileta nikipata nafasi.

Mwanao,
Calist

Mungaa, 8 Aprili 2024

Calist, salamu zangu leo ni fupi.

Luciana alikwenda mjini kuona filamu yako, akarudi hawezi kuniangalia usoni. Nilimbana mpaka akasema. Mjane aliyewaliza ni mimi siku ya mazishi, kanga imenianguka, nimeng'ang'ania jeneza. Nataja jina la mume wangu, nawe umeliacha vilevile.

Ulipokuwa umesimama pale nilijua mtoto wa dada yangu yuko msibani pamoja nami. Kumbe ulikuwa kazini. Na Evodia sasa anatamba: eti nililia mazoezi, kisha nikalia kweli, yote kwa filamu moja. Nimeona aibu, na wewe nimekuchukia. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu.

Ungeniuliza. Pengine ningekubali, maana nilitaka filamu yako ifike mbali.

Basi nipe kile kipande anapocheka. Hayo mengine nitayameza.

Mama yako mdogo,
Eliza

Singida mjini, 20 Aprili 2024

Mama mdogo, shikamoo. Naona haya hata kuuliza hali yako.

Kuna tamasha jingine, la nje ya nchi, wameiomba filamu. Nitakitoa kile kipande cha mazishi, hata kama wataitupa filamu nzima.

Lakini cha kicheko sina. Asubuhi ya mazishi kadi ya kamera ilijaa, na kadi ninayo hiyo moja. Jeneza lilikuwa linatolewa ndani. Nikatafuta haraka cha kufuta, nikafuta vile vipande vya zamani. Vilikuwa vimeshakataliwa, nikaona ni takataka. Fundi amejaribu kuvirudisha, ameshindwa. Kimebaki kile chenye muziki, wewe unaonekana, yeye hasikiki. Ndiyo maana nilikuwa sipokei simu.

Nifanye nini, Mama mdogo?

Mwanao,
Calist

Mungaa, 3 Mei 2024

Calist,

Barua yako imefika. Mimi ni mzima.

Usikate kitu. Ukikata hutanirudishia chochote, na aibu imeshanipata. Waonyeshe huko wanakokuita.

Siku ya kunizika mimi, uje. Wewe ni mtoto wa dada yangu, hakuna atakayekufukuza. Ila kamera uiache Singida.

Eliza