Mama Mapasa wanne

Kamina, Jumanne

Na mwenye kosa ni mimi, si kompyuta.

Leo Mama Mapasa alitoka shuleni akanirudishia karatasi ya ubatizo ya binti yake, niliyoichapa juzi hapa ofisini kwa kanisa. "Papa, huyu mama mwenye muliandika hapa haiko miye. Ku masomo banamukataa mutoto."

Nilifungua faili la XML, lenye orodha za watoto na wazazi. Kwenye sehemu ya mtoto niliandika jina tu la mama. XSLT, programu inayotengeneza karatasi, inalifuata jina hilo hadi orodha ya wazazi na kuchukua habari za wa kwanza inayemkuta. Lakini kwetu Waluba anayezaa mapacha anaitwa Mama Mapasa hadi kufa, na kwenye orodha wako wanne! Mimi Muluba mzima, nilisahau hilo namna gani?

Sasa kila mzazi ana namba yake, na mtoto anaelekezwa kwenye namba.

Kabla ya kuchapa upya nilimuuliza, "Mama, jina yako ya kweli njo gani?"

Alicheka kidogo. "Kalenga. Hata bwana yangu alishasahau."

Karatasi ilipotoka, hakutafuta jina la mtoto. Aliweka kidole kwenye lake, akalisoma polepole, mara mbili.