Kiatu Kimoja cha Shemeji Yako

Nyumbani,
Jumanne jioni.

Mdogo wangu, shemeji yako yu hai, na aliyemshika asituponyoke ni mwanao Kiulizo!

Haya, sasa nikusalimie kama watu. Mpendwa wangu, hujambo? Watoto hawajambo? Na kile kiuno chako je? Sisi wazima, na safari hii nikisema wazima ujue si mazoea ya barua.

Unakumbuka huyo mume wangu seremala alivyoanguka kwenye ngazi, mguu ukafungwa plasta. Kumbe kule kukaa tu, damu iligandia mguuni, bonge likapanda mpaka kwenye mapafu. Akawa anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Tukamkimbiza hospitali, ileile ambako Kiulizo yuko maabara.

Wakampa dawa. Kulipokucha anapumua vizuri, presha nzuri, anatania wauguzi. Tukaambiwa huenda akaruhusiwa, ila tungoje majibu ya damu, wauangalie moyo. Angoje, yule? "Ugonjwa uko mapafuni, moyo wanautafutia nini?" Nami na kichwa changu hiki nikamfungia mzigo.

Ameshavaa kiatu chake kimoja, Kiulizo huyo akaingia na daktari, koti jeupe linapepea. Ungemwona!

"Baba, vua kiatu."

"Unamwamuru nani wewe?"

"Mgonjwa. Baba nitamwomba radhi baadaye."

Akamweleza: njia ya damu imezibwa, moyo unasukuma kama mtu anayesukuma mlango uliokomewa. Ukielemewa, unavujisha vitu vyake kwenye damu, na mashine inaviona. "Tumepima, tumerudia. Kwa macho u mzima, baba. Damu yako inakataa."

Akavua, kanuna.

Kesho yake namenya chungwa, presha ikaporomoka, midomo ikabadilika rangi. Kwa vile walishamweka chini ya uangalizi, walimfikia kabla sijamaliza ukelele wangu, wakamchoma dawa ya kuyeyusha lile bonge. Angekuwa nyumbani, leo ungesoma barua nyingine.

Na wewe ndiye uliyesema maswali ya mtoto yule yatatutoa roho. Basi yameirudisha! Mtaa mzima nimeshauambia. Muuza maziwa siku hizi anapita njia ya nyuma.

Nisalimie shemeji yangu, na kitinda mimba mbusu mashavu yote mawili. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako nikupendaye, Mama Kiulizo.

Kile kiatu nimekificha kabatini kwangu. Daktari amesema nikitoe Jumamosi. Njooni nyote, asibaki mtu: Jumamosi.