Gitaa la Evaristi na maksai wa Mpui

Christopha, besi mtoro wewe, umekosa. Kwaya nzima tunarudi Katandala tukicheka.

Unakumbuka mwalimu alivyomwonya Evaristi? "Ukileta vituko Mpui, gitaa unalikabidhi."

Sasa sikia. Baada ya komunyo, kanisa kimya. Evaristi kafunga sauti ya gitaa, kapiga uzi, halafu akawa anaifungua taratibu, na ile pedali yake ya mwangwi aliyonunua Kasesya imewashwa. Ikatoka sauti ndefu kama ng'ombe anaita ndama.

Ng'ombe, Christopha. Kanisani.

Mzee mmoja akanyanyuka: "Jamani, maksai wangu wamefunguka."

Hawajafunguka. Wapo nje na mkokoteni wao. Ila mmoja akaitikia. Muuuuu.

Evaristi jasho linamtoka, kidole kimegandia kwenye kitufe cha sauti. Mwalimu akamsogelea. Tukajua gitaa limekwenda.

Akamnong'oneza: "Rudia."

Evaristi akarudia. Maksai akaitikia tena, palepale.

Mwalimu akanigeukia, wala hacheki: "Silvana, mwambie Christopha asipokuja mazoezini Jumamosi, besi nimeshapata."