Usimunyime Lucien Maji

Kadutu, Bukavu, tarehe 9 Novemba 1986

Mupenzi mudogo wangu Delphine,

Jambo sana. Mwili unasemaje? Na bwana yako Cirhuza, kazi ya mugodi inamuacha apumue? Sisi huku tuko. Mvua inatupiga, lakini kikohozi ya Papa imeisha, tunashukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nasimama. Unasema mutoto wako Lucien anahara, na bamama ba Kamituga banakukataza kumupa maji, eti inapita tu. Hapana, mudogo wangu! Tulimuzika Virginie wako hivyo. Huyu hatumuziki.

Mwezi uliopita mutoto wangu Adalbert alishinda anahara na kutapika. Kesho yake macho ilikuwa imeingia ndani. Analia, machozi haitoke. Nikafinya ngozi ya tumbo, ikabakia imesimama. Infirmière, muuguzi wa dispensaire yetu, alituonyesha ile alama siku ya kupima batoto: mutoto anakauka.

Nikachemsha maji, ikapoa. Litre moja, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko ya chumvi, kijiko kijae sawa na ukingo, bila kurundika. Mama-mukwe wangu Euphrasie akanipokonya kikombe.

«Unamuongezea kuhara! Akikufa, ni weye.»

«Basi itakuwa mimi, mama. Lakini hatakufa na kiu.»

Nikakichukua tena kile kikombe, nikamunywesha Adalbert. Kijiko kwa kijiko. Akitapika, nangoja kidogo, naanza tena. Nikashuka naye mpaka dispensaire nikimunywesha njiani, batu banatuangalia. Infirmière akamushika, akaniambia: «Usiache, mama. Na ziwa umupe anyonye.»

Tukiwa pale pale Adalbert akanikojolea pagne yote niliyojifunga: maji imerudi mwilini. Delphine, nilipiga vigelegele kama kwenye harusi! Tuliporudi, mama-mukwe mwenyewe alileta kuni. Aliwasha moto, akachemsha maji ingine.

Fanya vile vile, na usimuachishe ziwa. Lakini ukiona damu katika choo yake, ao akilegea, ao akishindwa kunywa, usibishane na mutu: mubebe mpaka hospitali, ukimunywesha njiani kama anaweza kumeza.

Unisalimie Cirhuza na tantine Agnès. Papa anakusalimia, Euphrasie pia. Mungu aweke mukono wake juu ya nyumba yenu.

Usinijibu sasa. Chemsha maji kwanza.

Ni mimi dada yako mwenye kukubeba moyoni,
Noëlla