Mkono Nilioweka Kifuani

Mpendwa mama,

Barua hii haina bahasha. Zile tatu zilizokuwa na bahasha zilirudi kwangu Bungoma mikononi mwa dada Nyokabi, gundi haijaguswa. Kwa hiyo hii naiandika wazi, asome yeyote. Pengine mmoja wa akina mama wa kanisa atakusomea ukiwa umebeba kikombe cha chai ya moto, usiweze kuinuka haraka.

Nimeolewa, mama. Najua umesikia, lakini hukusikia kwangu, na wewe ndiye mtu niliyetaka kumwambia kwanza. Nina furaha hadi naona haya. Rashidi akirudi kutoka kazini, nazijua nyayo zake tangu kule kwenye duka la kona, na moyo unaruka kana kwamba sikumwona asubuhi hiyo hiyo. Ananipigia pasi nguo ya kanisa. Ndiyo, ya kanisa. Ana masikio makubwa ambayo jua likiwa nyuma yake yanakuwa mekundu kama nyanya, nami nayatazama namshukuru Mungu, yule yule uliyenifundisha kumshukuru.

Unakumbuka pakiti za mbegu? Mvua ikikaribia ulikuwa ukitandaza magunia uani kwetu Kitale, kisha unaniita, "Mama, njoo unisomee hii Kiingereza." Uliniita Mama tangu siku niliyozaliwa. Mila yetu humpa msichana wa kwanza jina la mama wa baba yake, na wa pili la mama wa mama yake, na mimi ni Wambui kwa sababu mama yako alikuwa Wambui. Dada alikuwa anakasirika. "Huyu ni mama, na mimi ni nani?" Nawe unamjibu, "Wewe Nyokabi ni mama mkwe wangu, si unaona vile nakuogopa?" Tulicheka mpaka mbegu zikamwagika.

Nilisoma yale maneno ya pakiti, kina cha shimo, nafasi kati ya mstari na mstari, nawe ukayarudia nyuma yangu hadi ukayajua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyekuwa mwanafunzi wangu wa kwanza. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kufundisha Kiingereza kule Hargeisa, kwa Wasomali, mimi mwenye cheti cha kidato cha nne na miaka miwili ya kufundisha chekechea, baba akiwa ameshatutoka, ungeweza kunizuia na hukunizuia. Ulifunga kitabu chako cha nyimbo kwenye leso, ukakiweka juu ya nguo zangu. "Mama, nenda," ulisema. "Lakini usirudi mtu mwingine."

Sikurudi mtu mwingine. Hilo ndilo nimeshindwa kukueleza.

Somo langu la kwanza huko lilikuwa la salamu. Darasa la watu wazima, wengi wao wafanyabiashara, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Nikamwendea mzee mmoja mwenye ndevu za hina, nikamnyooshea mkono niwaonyeshe vile Waingereza husalimiana. Mzee akaweka kiganja chake kifuani, akainamisha kichwa, akatabasamu kwa huruma. Mkono wangu ukabaki hewani, mama. Nilitaka ardhi inimeze.

Baada ya kipindi, mwalimu wa hesabu alinikuta nimesimama kwenye ujia nikifuta macho kwa mtandio.

"Pole mwarimu," akasema. "Mzee hajakukataa. Amekuheshimu. Huku mwanamume hashiki mkono wa mwanamke asiye wake."

Niliisikia ile "mwarimu" nikajua huyu si wa huku. "Wewe ni wa wapi?"

"Bungoma. Na wewe?"

"Kitale."

"Kitare! Bana, jirani yangu kabisa, na unakuja kuniaibisha huku?"

Huyo ndiye Rashidi. Nilipenda kicheko chake kabla sijajua jina lake. Alinifundisha kuvaa mtandio usianguke nikiandika ubaoni, na kunyamaza darasani adhana inapolia. Alinionya pia kwamba Ijumaa watu hupumzika na Jumapili ni siku ya kazi. Hiyo ndiyo iliyonivunja. Jumapili ya kwanza nilifundisha huku nikiimba moyoni, chozi likanitoka mbele ya wanafunzi. Mmoja wao, Hodan, mama wa watoto watano, aliniuliza, "Mwalimu, siku ya Mungu wako ni lini?" Nikamwambia ni leo. Jumapili iliyofuata alifika mapema, akasimama mlangoni kama askari, akawazuia wenzake nje hadi nilipomaliza wimbo mmoja kutoka kitabu chako. Halafu akanipa chai. Hakuna aliyewahi kuniombea akanilinda namna ile, na yeye hata hakuwa akiomba.

Nilikaa huko mwaka mzima. Mwaka mzima kila mwanamume aliponisalimia niliweka mkono kifuani. Mkono ukazoea, mama. Moyo ulikuwa pale pale.

Uliniandalia maombi ya shukrani niliporudi. Nakumbuka viti vya kuazima, sufuria ya mukimo, akina mama wamevaa sare zao, nawe umepata nguo mpya ya bluu kwa ajili yangu. Mchungaji alimaliza kuomba, akaja moja kwa moja kwangu, mkono mbele. "Karibu nyumbani, binti yetu."

Nikaweka mkono kifuani, nikainama.

Sikufikiri. Laiti ningefikiri. Nilipoinua uso mkono wake ulikuwa bado uko hewani, kama ule wangu wa siku ile, na hapakuwa na mtu wa kumweleza kwamba nimemheshimu. Niliushika mara moja, kwa mikono yote miwili, lakini nyuma yangu tayari nilisikia, "Ati huko wamembadilisha," na mwingine, "Si nilisema? Tazama hata kitambaa amefunga vipi."

Wageni wakaondoka. Ulikuwa unaosha vikombe. "Kwani mkono wa mchungaji ni najisi?" Nikakueleza habari ya mzee wa ndevu za hina, ya Hodan, ya wimbo. Ulisikiliza yote. Kisha ukasema bila kugeuka, "Mama yangu alikufa Mkristo."

Rashidi alipowatuma wazee wake watatu Kitale, hukuwapikia chai. Walisimama langoni wakiwa na kofia zao za darizi, ukawaambia mwenye nyumba hayuko. Njiani kurudi hakuna aliyesema neno baya juu yako. Mjomba wake alisema tu, "Anampenda mtoto wake huyo."

Tulioana kwa mkuu wa wilaya, Bungoma. Hakuna aliyeniambia nibadili dini, mama, na sikubadili. Kila Jumapili mume wangu ananisindikiza hadi lango la kanisa, kisha anavuka barabara, anakaa kibandani na chai yake mpaka tutoke. Waumini wameshamzoea. Wanamwita shemeji. Haya yote nilikuandikia katika zile bahasha, na sasa najua kwamba hata ungezifungua usingeamini, kwa sababu uliona kwa macho yako mkono wangu ukiwa kifuani, na mtu ataamini barua au macho yake?

Wiki iliyopita Nyokabi alipiga simu. Alizunguka sana kabla ya kusema. Ulikuwa umemtuma. "Mwambie akizaa wasichana, jina langu asiliweke kwenye hiyo nyumba."

Bado hatujapata hata wa kwanza. Wa kwanza angekuwa wa mama yake Rashidi, wa pili ndiye angekuwa Njeri, jina lako. Lakini kuna jambo ambalo Nyokabi hakujua. Mwezi uliotangulia, mama mkwe wangu aliniita jikoni akaniambia, "Jina rangu ringoje. Muanze na ra mama wa Kitare, pengine moyo wake utarainika." Mwanamke ambaye hukumpikia ndugu yake chai. Imenibidi nirudi kwake nimwambie kwamba hapana, mwenyewe amekataa. Aliendelea kuchambua mchele, na mimi nikakaa naye, tukachambua.

Sikuombi uje. Nilikuwa naomba hivyo, sasa nimeacha. Kutoka hapa hadi kwako ni safari ya asubuhi moja tu, na nilivuka nchi nzima mbili nikarudi, lakini hii ya asubuhi moja siioni mwisho wake. Kitabu cha nyimbo ninacho, leso yake imechakaa. Nikimpata msichana wa pili nitamtazama na sitajua nimwite nani.

Nilimuuliza Nyokabi, kabla hajakata simu, kama huwa unanitaja.

"Anakutaja," alisema. "Lakini siku hizi anasema Wambui tu."

Mvua zimekaribia. Umpate wa kukusomea pakiti, ingawa najua maneno yote unayo kichwani.

Kwaheri, mama.

Aliyekuwa mama yako,
Wambui